Pipa Lililookolewa Shuaiba

Kabla Jeddah haijawa bandari ya Makka, majahazi yalitia nanga Shuaiba, kusini yake, kwenye pwani hiyohiyo ya Bahari ya Shamu. Khalifa Uthman bin Affan ndiye aliyeihamishia bandari Jeddah, mwaka 26 wa Hijra, na Shuaiba ikasahaulika kwa karne nyingi. Leo inatajwa tena, safari hii na watu wa nishati. Pale imesimama mitambo mikubwa iliyojengwa kuchoma mafuta ili itoe umeme na kuyaondolea chumvi maji ya bahari. Katika eneo hilohilo sasa zimetandazwa paneli za jua zenye uwezo wa zaidi ya megawati 2,600. Bwawa letu la Julius Nyerere, pale Rufiji, lina megawati 2,115.

Msomaji atauliza: nchi iliyoketi juu ya mafuta inahitaji jua kwa lipi? Wapo wanaodhani Saudia imeanza kuyapa mafuta kisogo. Mimi naona tuanze na hesabu.

Pipa moja la mafuta ghafi, yaani lita 159, likichomwa kwenye mtambo wa mvuke hutoa uniti 550 hadi 600 za umeme. Joto linalobaki, ambalo ni zaidi ya nusu, hupotea angani na baharini. Pipa hilo likiuzwa nje kwa dola 70, basi kila uniti iliyozalishwa kwalo imegharimu senti 12 za dola kwa mafuta peke yake, kabla hujalipa mtambo wala fundi. Na Saudia imechoma mapipa mengi kwa njia hiyo. Julai 2014 yalifikia takriban 900,000 kwa siku, kwa kuwa kiangazi kinapopamba moto kila nyumba ya Riyadh na Jeddah huwasha kiyoyozi usiku na mchana. Viyoyozi hula kama asilimia 70 ya umeme wote unaotumika majengoni. Tena umeme wenyewe ulikuwa wa kutupa: hadi mwisho wa mwaka 2017, ngazi ya chini ya bei ya majumbani ilikuwa halala 5 (senti za riyali) kwa uniti. Januari 2018 ikapandishwa hadi 18. Kwa bei ya halala 5, nani angehangaika kuziba ufa wa dirisha?

Sasa linganisha. Aprili 2021, mradi wa jua wa Shuaiba wa megawati 600 ulitangazwa kwa bei ya senti 1.04 za dola kwa uniti, bei iliyokuwa ya chini kuliko zote duniani wakati huo. Kwa fedha ya Tanzania ya mwaka ule ni kama shilingi 24. Hiyo ni bei ya getini kiwandani, haina nguzo, nyaya wala upotevu wa njiani, kwa hiyo usiilinganishe na unacholipa kwenye mita ya Luku. Hata hivyo, inashtua.

Hapa ndipo ningependa Waafrika Mashariki tutulie kidogo. Tunasema Waarabu wana jua kali. Lakini joto kali kupita kiasi ni hasara! Paneli hupimwa ikiwa na nyuzi 25, na kila nyuzi moja ikizidi hapo hupunguza kama asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu yake. Juani, mwezi wa Julai, paneli inaweza kupita nyuzi 60. Ongeza vumbi la jangwani, ambalo hufutwa kwa mashine zenye brashi kavu, maana maji hayachezewi kule. Kilichoishusha bei hasa ni mambo mengine: ardhi tele isiyo na mgogoro, mnunuzi mmoja anayebebwa na serikali, mkataba wa miaka 25, na mkopo wa riba ndogo. Mradi wa jua hauna mafuta ya kununua kila mwezi. Gharama yake karibu yote huja siku ya kwanza, kwa hiyo riba ndiyo inayoamua bei ya uniti. Jua la Dodoma au Garissa halina upungufu. Mwekezaji wetu akikopa kwa riba mara mbili au tatu ya ile ya Riyadh, umeme wake utapanda bei hata kama paneli zimetoka kiwanda kimoja na zile za Shuaiba.

Maji nayo yana kisa chake. Wakazi wa Jeddah wa zamani walikuwa na neno *kindasa*, jina la mtambo wa kuchemsha maji ya bahari na kuunasa mvuke wake, uliowekwa na Waturuki mwaka 1907. Hapo mji ukaanza kunywa maji yaliyopikwa. Njia ya kuchemsha, hata katika mitambo ya kisasa, hula nishati inayolingana na uniti 10 au zaidi kwa kila mita moja ya ujazo. Njia ya kusukuma maji kwa shinikizo kubwa kupitia utando mwembamba unaozuia chumvi hula uniti 3 hadi 4. Ndiyo maana mtambo wa Shuaiba 3, uliokuwa ukipika maji, ulipangiwa mbadala wa utando wa kutoa mita za ujazo 600,000 kwa siku. Kwangu mimi, badiliko hili lisilopigiwa picha lina uzito uleule wa paneli, kwa sababu utando huendeshwa na umeme, na umeme unaweza kutoka kwenye jua. Jiko la mvuke lilidai moto.

Riyadh iko mbali na bahari, na maji yake husukumwa kutoka Ghuba zaidi ya kilomita 400, yakipanda mita 600 hivi. Kaskazini mwa mji huo kuna Sudair, mradi wa jua wa megawati 1,500. Na ni Riyadh, Oktoba 2021, ambako Mwanamfalme Mohammed bin Salman alitangaza kwamba ifikapo mwaka 2060 ufalme hautaongeza hewa ukaa angani zaidi ya ile inayoondolewa. Kabla ya hapo, ifikapo 2030, nusu ya umeme itoke kwenye nishati jadidifu na nusu kwenye gesi asilia.

Yatazame maneno hayo kwa makini. Gesi ni mafuta ya kisukuku pia, ijapokuwa moshi wake ni mdogo kuliko wa mafuta ghafi. Usiku wa Jeddah wenye joto la unyevu bado unahitaji mtu wa kushika zamu jua likizama. Betri zimeanza, kama ile ya Bisha inayoweza kutoa megawati 500 kwa saa nne, lakini mzigo mkubwa wa usiku umo mikononi mwa gesi. Vilevile, ahadi ya 2060 inahesabu moshi unaotoka ndani ya mipaka ya ufalme. Pipa linalouzwa nje linahesabiwa kwa anayelichoma.

Kwa makisio yangu, paneli zote za Shuaiba zikichukua nafasi ya mafuta matupu, zitaokoa kama mapipa 30,000 kwa siku. Ni kazi njema, na hewa ya Jeddah itakuwa safi zaidi kwa ajili yake. Lakini kuokoa pipa si kuliacha ardhini. Januari 2024 serikali iliiagiza Aramco, kampuni yake ya mafuta, isiongeze uwezo wake wa kuchimba hadi mapipa milioni 13 kwa siku, ibaki na milioni 12. Haikuambiwa ipunguze. Pipa lisilochomwa Shuaiba linapakiwa melini, na likizidi sokoni bei hushuka, na bei ikishuka wanunuzi huongezeka. Nasema wazi kwa kuwa nimechoka kusikia megawati za jua zikihesabiwa kama visima vilivyofungwa. Hadi sasa ni vitu viwili tofauti.

Wanunuzi wenyewe ni sisi. Machi 2023 Kenya ilitia saini mkataba wa kununua mafuta kwa mkopo wa siku 180 na kampuni tatu za Ghuba, Aramco ikiwa mojawapo. Umeme wa Kenya karibu wote ni safi tayari, kwa mvuke wa Olkaria, upepo wa Turkana na maji ya Tana. Lakini lori linaloondoka Mombasa, likipanda Mazeras kuelekea Nairobi na Kampala, linakwenda kwa dizeli. Na moshi wake, katika vitabu vya hewa ukaa, unaandikwa Kenya na Uganda.