Msimbo ni Huria, Hataza na Jina Vina Wenyewe

Karibu kila wiki ananijia kijana mwenye kampuni changa ya programu na swali lile lile: "Wakili, hii ni programu huria, na waraka wa vipimo vyake uko wazi mtandaoni. Sasa leseni nyingine ya nini?" Nimelijibu kwa upole kwa miaka mingi. Leo nalijibu kwa maandishi, maana wanaoumizwa na kosa hili ni wale wasio na fedha za kulilipia.

Leseni huria kwanza ni ruhusa ya hakimiliki: nakili, rekebisha, sambaza. Hataza na alama ya biashara ni mali nyingine, na mara nyingi ni za mtu mwingine kabisa. Leseni ya MIT, ambayo vijana wetu wanaipenda kwa ufupi wake, haitaji neno hataza hata mara moja.

Dawa wanayopeana ni hii: usiguse msimbo wa mtu, soma vipimo, andika wa kwako tangu mstari wa kwanza, utakuwa salama. Si kweli. Hiyo ni kinga ya kesi ya hakimiliki peke yake, kwa kuwa hakimiliki huuliza kama ulinakili. Hataza huuliza kama unachokifanya ndicho kilichosajiliwa. Hata ukikibuni mwenyewe chumbani, bila kuona kazi ya yeyote, umekiuka. Tena kufuata vipimo kunazidisha hatari: ukivitekeleza sawasawa, huna namna ya kuikwepa njia yenye hataza.

Tazama H.264, mfumo wa kubana video uliomo karibu katika kila simu. Waraka wake unapakuliwa bure kutoka ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano. Hataza zake zilikuwa za makampuni mengi; mengi kati yao yakaziweka katika kapu moja chini ya kampuni ya MPEG LA na kudai mrabaha. Mwaka 2013 kampuni ya Cisco ikatangaza OpenH264, kodeki ya H.264 ambayo msimbo chanzo wake uko chini ya leseni ya BSD, huria kabisa. Wengi huishia kusoma hapo. Walichoruka ni kwamba Cisco ilijitolea kulipa mrabaha kwa faili ilizozijenga yenyewe, ambazo kifaa cha mtumiaji kinazipakua moja kwa moja kutoka kwake. Ndiyo sababu kivinjari cha Firefox huishusha kodeki hiyo kando, baada ya kusakinishwa. Ukichukua msimbo ule ule, usibadili hata nukta, ukaujenga kwenye kompyuta yako na kuufungasha ndani ya programu yako, suala la mrabaha ni lako.

"Lakini hataza hizo hazikusajiliwa kwetu." Huenda. Hataza ina nguvu pale iliposajiliwa tu, kwa kawaida miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa. Ila ukiiuza programu yako Marekani, utajibu kwa sheria ya Marekani.

Jina nalo ni hivyo hivyo. Kampuni ya Oracle, yenye alama ya biashara ya Java, iliikabidhi taasisi ya Eclipse Foundation mfumo wake wa Java EE, ambao sasa unaitwa Jakarta EE. Mwaka 2019 pande hizo zilishindwa kuelewana hata juu ya neno javax linaloanza majina ya vifurushi. Kuanzia toleo la 2020, javax.servlet ikawa jakarta.servlet, na watunga programu wakapitia faili moja baada ya nyingine kubadili neno moja.

Sasa la kufanya. Ukiwa na hiari, chagua leseni ya Apache 2.0: kifungu cha 3 kinakupa ruhusa ya hataza za waliochangia msimbo (za watu wa nje hazimo, na ukifungua kesi ya hataza dhidi ya programu hiyo unaipoteza), na kifungu cha 6 kinakunyima jina. Soma sera ya hataza ya chombo kilichotunga vipimo. W3C, chombo cha viwango vya wavuti, kwa mfano, inafuata sera ya kutodai mrabaha tangu 2004. Kwa kukwepa mrabaha, kwa sauti fikiria mfumo wa Opus, kwa video AV1. Sema programu yako "inafanya kazi na" mfumo fulani, usilichomeke jina la mfumo huo ndani ya la kwako. Jina lako lisajili BRELA kwa Tanzania Bara, BPRA kwa Zanzibar, KIPI kwa Kenya. Usajili wa mahali pamoja hauvuki kwenda kwingine.

Na mteja akikuletea mkataba wenye kifungu cha kumhakikishia kwamba hukukiuka haki ya yeyote, tafadhali usisaini kabla hujajua hataza za vipimo ulivyovifuata ni za nani.