Lubumbashi: Kansere ya kinywa, dakika tano kwa daktari wa meno zinaweza kuokoa maisha

Katika komini ya Kampemba, kama katika komini zingine za Lubumbashi, watu wengi wanaenda kwa daktari wa meno siku moja tu: siku ile jino limewanyima usingizi. Wanakaa kwenye kiti, wanaonyesha jino, linang'olewa, wanalipa na kurudi nyumbani. Ulimi, ufizi na ndani ya mashavu vinabaki bila kuangaliwa. Lakini ni pale ndipo kansere ya kinywa, ugonjwa ambao wengine wanauita saratani, inaanzia.

Tuseme kuna fundi wa magari huko Bongonga, mwenye miaka 50. Anavuta sigara tangu ujana, na jioni anakunywa lutuku pamoja na wenzake. Pembeni ya ulimi wake kumetoka kidonda kidogo. Hakimuumi. Anajiambia kwamba ni jino limemkata, ao ni pilipili ya jana. Anasukutua na maji ya chumvi, ananunua vidonge kwa muuza dawa wa karibu, na mwezi unapita. Hatari iko hapo: mwanzoni kansere hii mara nyingi haileti maumivu. Wakati inaanza kuuma, mara nyingi imekwisha kuenea.

Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linakadiria kwamba katika mwaka wa 2022 watu karibu 390 000 duniani walipatwa na kansere ya midomo na kinywa, na zaidi ya 188 000 walikufa kwa sababu yake.

Nani yuko katika hatari?

Sababu mbili kubwa zinajulikana: tumbaku na pombe. Si sigara peke yake. Hata tumbaku ya kutafuna ao ile inayowekwa chini ya mdomo inaleta hatari. Pombe nayo, iwe bia ya chupa ao lutuku, ina sehemu yake. Mtu anayetumia vyote viwili hajumlishi hatari, anaizidisha. Ugonjwa huu unapata zaidi watu waliopita miaka 40, na wanaume kuliko wanawake.

Daktari anafanya nini?

Uchunguzi wenyewe ni mwepesi. Hakuna sindano, hakuna damu. Kwa taa na kioo kidogo, daktari anaangalia midomo, ndani ya mashavu, ufizi, kaakaa na koo. Anashika ulimi kwa kitambaa safi na kuuvuta ili aone pande zake na sehemu iliyo chini yake, kwa maana pale ndipo kansere inapenda kukaa. Mwishoni anapapasa shingo kutafuta uvimbe. Yote hayo yanachukua karibu dakika tano. Kama anaona kitu cha kutia wasiwasi, kipande kidogo cha nyama kinakatwa na kupelekwa kwenye maabara. Ni maabara ndiyo inayothibitisha, si macho peke yake.

Je, inasaidia kweli? Katika jimbo la Kerala, nchini India, watafiti walifuata watu zaidi ya 190 000 kuanzia mwaka wa 1996. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2005: kati ya wavutaji na wanywaji, vifo vya kansere ya kinywa vilipungua kwa asilimia 34 katika vijiji ambako watu walichunguzwa. Kwa wale wasiovuta wala kunywa, faida haikuonekana. Kwa hiyo wavutaji na wanywaji ndio wa kwanza kuchunguzwa.

Kuna funzo lingine: walioangalia vinywa huko Kerala hawakuwa madaktari, bali wafanyakazi wa afya waliofundishwa kazi hiyo. Kwetu, ambako madaktari wa meno ni wachache, muuguzi wa kituo cha afya naye anaweza kufundishwa kufanya vile.

Usingoje maumivu

Vidonda vingi vya kinywa si kansere, vinapona vyenyewe. Lakini muone daktari kama kidonda kinapitisha majuma mawili bila kupona, kama kuna alama nyeupe ao nyekundu isiyotoka, uvimbe kwenye shingo, shida ya kumeza, ao jino linalolegea bila sababu. Na kama jino limeng'olewa na shimo lake halifungi, rudi kwa daktari. Usiongeze tu vidonge.

Kuchelewa kunagharimu. Kansere ikionekana mapema, mara nyingi upasuaji mdogo unatosha. Ikichelewa, inaomba upasuaji mkubwa na matibabu ya mionzi, ambayo hayapatikani katika kila mji. Familia inaanza kuchanga, na nyingine inafika kuuza lupangu. Huko Marekani, zaidi ya wagonjwa wanane kati ya kumi wanaogunduliwa mapema wanaishi miaka mitano ao zaidi. Ugonjwa ukifika sehemu za mbali za mwili, ni chini ya nusu.

Basi, siku utakapokaa kwenye kiti cha daktari wa meno, usionyeshe jino peke yake. Mwambie kama unavuta ao unakunywa, bila haya. Halafu umuombe: «Daktari, niangalie pia ulimi na kinywa chote.»