Bunju ni wa Kutazamwa, si wa Kuliwa

Msomaji mpenzi, kama umepata kukaa pwani, bila shaka wamjua bunju, yule samaki ambaye akiona adui hujaza maji tumboni akavimba kama mpira. Mvuvi akimkuta wavuni humtupa, naye afanya vema. Lakini huko Ulaya na Marekani wako watu wanaomfuga nyumbani katika sanduku la kioo lenye maji na mimea, wakaketi jioni kumtazama pamoja na watoto wao. Usidhani ni wazimu. Hebu tuone jinsi kazi hiyo inavyofanywa, maana ina mafunzo hata kwa mtu ambaye hatakuwa na sanduku la kioo kamwe.

SUMU YAKE

Kwanza yakupasa kujua unashughulika na nani. Bunju wengi wana sumu kali katika ini, mayai, matumbo na ngozi, na wengine hata katika nyama. Moto wa jikoni hauiondoi, wala chumvi, wala jua. Aliyeila hufa ganzi midomo na ulimi, kisha viungo hulegea, mwishowe pumzi hukatika, na pengine akili zake zi timamu wakati huo wote. Dawa ya kuipinga sumu hiyo haijapatikana. Waganga hospitalini humsaidia mgonjwa kupumua mpaka sumu imtoke, kwa hiyo mgonjwa apelekwe mara moja, asingojee kesho.

Mwaka 1774, katika kisiwa cha New Caledonia, nahodha Mwingereza James Cook na wenzake wawili walionja kidogo tu ini na mayai ya samaki wa jamii hii. Usiku ule wakashikwa na ganzi na udhaifu. Nguruwe aliyekula matumbo ya samaki huyo alikutwa amekufa. Na mwaka 1975 mwigizaji mashuhuri wa Japani, Bando Mitsugoro, alikufa baada ya kula maini ya bunju mjini Kyoto, ingawa katika nchi hiyo mpishi wa bunju hana budi kusomea kazi yake na kupewa hati. Basi mtu akikuambia kwamba yeye ajua kumsafisha bunju, mshukuru, lakini usile.

MAJI YAKE

Bunju anayefaa sanduku la nyumbani ni mdogo, atokaye Asia ya Kusini Mashariki. Urefu wake ni sentimeta 8 hivi, na mgongoni ana alama kama tarakimu 8. Hukaa katika mito na mahali mto unapokutana na bahari, kama kwetu Rufiji, ambapo maji si matamu wala si ya bahari kamili. Usimchukue bunju ye yote kwa sababu tu wote wanaitwa bunju. Yule mkubwa wa mto Kongo, anayepatikana pia katika Ziwa Tanganyika karibu na mlango wa Malagarasi, huishi katika maji matamu na hupita sentimeta 60. Sanduku gani litamtosha huyo?

Kwa bunju mmoja mdogo, tafuta sanduku la lita 60 au zaidi, lenye mfuniko na chujio la kuzungusha maji. Joto la maji liwe kati ya nyuzi 24 na 28. Chumvi itumiwayo si ya mezani, bali ni ya bahari iliyotengenezwa kwa kazi hiyo: gramu 7 hivi kwa lita, yaani gramu 420 kwa lita 60. Iyeyushe ndooni kwanza. Kisha pima kwa kipimo kieleacho, ndugu wa kile kinachotumiwa kupima maziwa kama yametiwa maji. Maji matamu husoma 1.000, bahari 1.025, na maji ya bunju huyu yasome karibu 1.005.

Maji yakipungua kwa joto, ongeza maji matamu tu. Mama wa nyumbani ajua sababu yake: mchuzi ukichemka sana huzidi chumvi, kwa kuwa maji hupaa na chumvi hubaki.

USIWE NA HARAKA

Hapa ndipo wengi wanapoua samaki wao. Wananunua sanduku asubuhi, na jioni samaki yumo. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu kwake. Wako vijidudu wema wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, nayo pia ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitreti, isiyodhuru upesi. Vijidudu hao huchukua wiki 4 hadi 6 kuongezeka. Weka kipande kidogo cha kamba kioze majini ili wapate chakula, ukapime maji kila mara. Amonia na nitriti zikiisha kabisa, ndipo umlete bunju. Baada ya hapo badili robo ya maji kila wiki, kwa maji yenye chumvi ile ile.

Mimea husaidia kula nitreti. Jimbi la Jawa huvumilia chumvi kidogo. Lifunge kwa uzi juu ya jiwe au gogo, wala usizike shina lake. Hata mche wa mkoko waweza kuota hapo, mizizi majini na majani juu penye mwanga. Chukua mbegu iliyoanguka, usiung'oe uliokwisha kushika.

CHAKULA NA UPWEKE

Meno ya bunju hukua siku zote. Asipotafuna kitu kigumu hurefuka hata ashindwe kula, akafa kwa njaa. Mpe konokono wadogo na kamba wenye magamba. Konokono wazalishe katika chombo kingine. Usiwatume watoto kuwatafuta bwawani, wasije wakapata kichocho. Mweke bunju peke yake, kwani huuma mapezi ya wenzake. Tena uwakataze watoto kumchokoza ili avimbe. Akivimba nje ya maji huingiwa na hewa, na asipoweza kuitoa hufa.

Utasema, kazi hii yataka fedha na umeme. Ni kweli, na asiye navyo asianze. Lakini jambo kubwa halina gharama: makao hutayarishwa kabla ya mgeni, ng'ombe, kuku au samaki. Na ukipita mikokoni maji yakiwa yamejaa, tazama chini kati ya mizizi. Samaki wadogo wengi hukulia pale. Anayekata mikoko ovyo huwavunjia nyumba yao.