Tovuti ya Duka Bila Kodi ya Kila Mwezi

Machi 2024 Google ilizima tovuti zote zilizotengenezwa kupitia wasifu wa biashara, zile ambazo anwani zake ziliishia na business.site. Kwa miezi michache aliyebofya anwani ya zamani alipelekwa kwenye wasifu wa duka husika. Ilipofika Juni 10, hata njia hiyo ikafungwa. Saluni, gereji au nyumba ya wageni iliyokuwa imechapisha anwani hiyo kwenye kadi na mabango ilibaki na kadi zisizompeleka mteja popote.

Huduma ilikuwa ya bure, na wengi wakahitimisha kuwa cha bure hakidumu. Hitimisho hilo lina kasoro. Kilichowaponza wafanyabiashara wale ni kwamba anwani ilikuwa mali ya Google. Aliyekuwa na jina lake mwenyewe la kikoa (domain) angehamisha kurasa zake jioni moja, na mteja asingejua kama kuna kilichotokea.

Tuchukue fundi samani wa Keko, Dar es Salaam. Anachohitaji mtandaoni ni kidogo: picha za makochi na vitanda, bei za kuanzia, ramani ya kufika na namba ya simu. Kila anayefungua ukurasa huo anaona kitu kilekile. Hiyo ndiyo tovuti tuli, na ndivyo ilivyokuwa tovuti ya kwanza kabisa duniani, aliyoiweka Tim Berners-Lee katika kituo cha CERN: faili limekaa kwenye seva, mtu analiomba, anapewa. Hakuna hifadhidata ya kuulizwa wala programu ya kusubiriwa.

WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, hufanya kazi kwa namna nyingine. Kwa kawaida kila ukurasa huundwa na programu inayochota maandishi kutoka kwenye hifadhidata, na programu hiyo pamoja na vikolombwezo vyake inataka kusasishwa kila mara, la sivyo wadukuzi huingia. Kwa gazeti au duka linalouza bidhaa mtandaoni, usumbufu huo una faida yake. Kwa fundi mwenye kurasa nne zinazobadilika mara mbili kwa mwaka, ni kulipia lori ili kubeba kikapu.

Kwa kuwa kugawa faili tupu ni kazi nyepesi, kampuni kadhaa kubwa huifanya bila malipo. Hesabu yenyewe ni rahisi. Ukurasa wenye uzito wa MB 1 ukifunguliwa mara 3,000 kwa mwezi hutumia GB 3. GitHub Pages, iliyoanza 2008, inaruhusu takriban GB 100 kwa mwezi. Cloudflare Pages, iliyofunguliwa rasmi kwa wote 2021, haiweki kikomo kwa wanaofungua kurasa tuli, mradi faili moja lisizidi MB 25.

Lakini masharti yasomwe. GitHub inakataza huduma yake kutumika kama makao ya bure ya kuendeshea biashara ya mtandaoni au tovuti ambayo shabaha yake kuu ni mauzo. Vercel nayo, katika mpango wake wa bure, inaruhusu matumizi binafsi yasiyo ya kibiashara tu. Kuna mafundi wa tovuti wanaoweka tovuti za wateja wao huko bila kuwaambia hayo.

Halafu kuna kisa cha Netlify, kampuni nyingine ya kuhifadhi tovuti. Februari 2024 mtu mmoja mwenye tovuti tuli kwenye mpango wa bure alipokea ankara ya zaidi ya dola 104,000. Faili moja la muziki lenye MB zisizofika 4 lilikuwa limeshushwa mara nyingi kupita kiasi, katika kile kilichoonekana kuwa shambulio. Alipolalamika, deni lilipunguzwa hadi asilimia 5, na baada ya habari kusambaa, mkuu wa kampuni akatangaza hadharani kwamba limefutwa lote. Funzo kwa mwenye duka ni la vitendo: asiweke kadi ya benki mahali ambapo matumizi hayana dari, na asiweke video wala muziki kwenye seva ya tovuti yake. Video ikae YouTube.

Kinachostahili fedha ni jina. Jina la .com hugharimu dola 10 hadi 15 hivi kwa mwaka kwa wasajili wengi, na .co.tz au .co.ke hununuliwa kwa kampuni za ndani, nyingi zikipokea malipo kwa simu. Majina ya bure yamekwisha kuumiza watu. Kampuni ya Freenom iligawa kwa miaka mingi majina ya .tk, .ml na .ga; 2023 ikashtakiwa na Meta kwa kuyafumbia macho majina ya matapeli, na mwaka huohuo Gabon ikachukua tena .ga yake na kufuta mamilioni ya anwani kwa mkupuo.

Kuweka tovuti yenyewe si kazi ya kutisha. Kwenye Cloudflare mtu hufungua akaunti, huburuta folda yenye faili la index.html, huiachia, na baada ya dakika chache kurasa ziko hewani kwa anwani inayoishia na pages.dev. Kisha huunganisha jina lake, na cheti cha usalama huja bila malipo. Tovuti tuli haiwezi kupokea fomu yenyewe, ila Afrika Mashariki wateja wengi wanapenda WhatsApp kuliko fomu: kiungo cha wa.me kikifuatwa na namba inayoanza na 255 au 254, bila alama ya kujumlisha wala sifuri, kinafungua mazungumzo moja kwa moja.

Picha ndizo huharibu kazi nzuri. Picha kumi kutoka kwenye simu, kila moja MB 4, zinamla mteja MB 40 za bando kabla hajaona bei. Zikipunguzwa upana hadi pikseli 1,200 na kuhifadhiwa kwa muundo wa WebP, zote kumi zinaweza kutosha katika MB 2.

Kampuni za ndani za kuhifadhi tovuti bado zina nafasi yake. Anayetaka masanduku ya barua pepe yenye jina la biashara, na mtu wa kumpigia simu kwa Kiswahili mambo yakikwama, anapata thamani ya fedha yake huko. Asiyehitaji hayo hana sababu ya kulipa.

Kwa vyovyote vile, kabla ya kumlipa fundi wa tovuti, mwenye duka ahakikishe jina limesajiliwa kwa barua pepe yake mwenyewe, nywila anayo yeye, na tarehe ya kulipia tena ameiandika.