Kucheza, kutunga, kufundisha: dansi ya mwanafunzi inaishia wapi?

Wengi wenu munanijua kama mtu wa kilimo, lakini leo nataka kuongea juu ya dansi. Muhogo utaingia kidogo, munisamehe.

Nilipokuwa iniversite nilicheza katika kundi la wanafunzi miaka mitatu. Baba aliposikia, aliniuliza kama minervali anayolipa ni ya kujifunza kulima ao ya kujifunza kutingisha kiuno. Sikupata jibu. Nikamaliza lisansi, nikarudi hapa Makobola, nikajua dansi nimeiacha kule.

Mwaka jana vijana sita wakaja nyumbani: "Yaya, tufundishe." Nikakubali haraka. Wiki mbili za kwanza nilisimama mbele, nikapiga hatua zangu za zamani, wao wakafuata. Walizijua zote. Kisha kijana mmoja akauliza: "Sasa hii tunacheza juu ya nini?" Nikanyamaza. Kumbe nilikuwa najua kucheza tu. Kutunga na kufundisha ni kazi zingine.

Njo nikaanza kusoma juu ya Faustin Linyekula. Alizaliwa Ubundu mwaka 1974, akasoma fasihi na tiyatri Kisangani. Miaka ya mwanzo ya 1990, wakati wa Mobutu, vyuo vikuu vilifungwa. Sisi tunaojua miaka meupe tunaelewa maana yake. Mwaka 1993 akaenda Nairobi. Maisha yake yanaonyesha vizuri zile hatua tatu.

Ya kwanza ni mchezaji. Kazi yake ni mwili wake: kusikiliza, kukumbuka, kukubali kusahihishwa, kurudilia mara hamsini bila kuchoka. Swali lake ni moja: hii ninaifanya namna gani? Kundi la wanafunzi linatosha kukufikisha hapo. Wengi wetu tunaishia hapo, na si haya.

Ya pili ni mtunzi. Swali linabadilika, linakuwa: kwa nini? Kwa nini huyu anaingia wa kwanza, kwa nini wote wananyamaza, kwa nini ngoma inakatika pale? Mwaka 1997, kule Nairobi, Linyekula alianzisha kundi la Gàara pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen, kundi la kwanza la dansi ya kisasa nchini Kenya. Mwaka 2001, vita ikiwa bado inaendelea Kongo, akarudi Kinshasa, akaanzisha Studios Kabako. Kabako ni jina la rafiki yake aliyekufa. Baadaye alitunga Sur les traces de Dinozord. Dinozord ni jina la utani la kijana mmoja wa Kinshasa, mchezaji wa hip-hop, aliyecheza ndani yake. Muone vile: jina la mchezaji mwenyewe likaingia katika kichwa cha kazi. Mtunzi anaangalia kwanza watu alio nao na habari waliyobeba.

Ya tatu ni mwalimu. Linyekula angeweza kubakia kwenye majukwaa ya Ulaya, maana kule anaitwa sana. Lakini tangu 2006 kazi ya Studios Kabako ikahamia Kisangani, na vijana wa dansi, wa muziki na wa filamu wakapata pa kujifunzia na pa kutungia. Mmoja wa wasanii waliofanya kazi na nyumba hiyo ni Dorine Mokha wa Lubumbashi. Alisoma sheria, akawa mchezaji, mtunzi wa dansi na mwandishi, kisha naye akaanzisha kazi yake kwao Lubumbashi. Alifariki 2021, akiwa bado kijana. Lakini alikuwa amekwisha kuanza kitu kwao, hakungoja azeeke.

Hapa njo muhogo unaingia. Muhogo hatuupandi kwa mbegu, tunakata mti wake na kumpa jirani. Kama ule mti uko na mozaiki, jirani anapanda ugonjwa pamoja na chakula, na yeye anampa mwingine. Mwalimu ni sawasawa. Mimi niliwapa wale vijana tabia yangu ya kuiga bila kuuliza. Kama yule mmoja hangeuliza, nao wangeipeleka mbele.

Basi nikawarudishia swali: ninyi munataka kucheza juu ya nini? Wakaangaliana. Msichana wa miaka kumi na sita akasema: juu ya wafu wetu.

Munajua Makobola inajulikana kwa nini. Mauaji ya mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999. Hawa vijana hawakuwa wamezaliwa, lakini hakuna nyumba wanakolala ambako hakukosekani mtu. Niliogopa. Kuna wazee wanaoona dansi ni furaha, na mahali pale si pa furaha.

Sikuwapa hatua hata moja. Tuliomba ruhusa kwa mama mmoja, jirani, tukaketi kwake jioni tatu. Hakusimulia mauaji, wala hatukumuuliza. Alituonyesha tu namna wamama wanavyotembea wakienda kwenye kilio: polepole, mkono kichwani, bila kuangalia pembeni. Vijana walitembea nyuma yake uwanjani mpaka giza. Kutoka hapo yule msichana akatunga mwenyewe: wanaingia mmoja mmoja, hakuna muziki, mmoja anaacha nafasi karibu yake, na ile nafasi haijazwi mpaka mwisho. Kazi yangu ilikuwa kusema "rudilia" na kuangalia saa.

Tumepeleka ombi kwa wazee ili ichezwe siku ya ukumbusho. Hawajajibu. Wakikataa, tutaheshimu, na repetisyo itaendelea. Baba alipita mara moja, akasimama kwenye muhogo wake, akaangalia mpaka mwisho, akaenda bila neno.

Ninyi muliocheza, mulioimba, muliofanya tiyatri iniversite na kurudi nyumbani bila kazi: msiseme ilikuwa kupoteza wakati. Lakini musianze kwa kuonyesha vile munavyojua. Muulize kwanza wale wanaokuja kwenu wamebeba nini. Na kama kuna mmoja wenu aliyekwisha kutunga dansi ya ukumbusho kwao, aniambie waliongea namna gani na wazee. Ninahitaji kweli.