Uvimbe wa Taya Usiosubiri Barabara

Huanzia mdomoni. Mtoto wa miaka mitano au sita, ambaye juzi tu alikuwa akiogelea na wenzake ziwani, analalamika kwamba jino linacheza. Kwa umri wake si ajabu, na mama anamwambia litang'oka lenyewe. Siku chache baadaye shavu limefura, meno matatu yanalegea kwa pamoja na jicho la upande ule linatokeza nje. Wengi huona ni ugonjwa wa meno, wakampeleka mtoto ang'olewe. Jino linatoka, uvimbe unabaki, na siku zimekwenda.

Huo unaweza kuwa limfoma ya Burkitt, saratani inayokua upesi kupita karibu zote zinazompata binadamu: uvimbe huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Lakini kwa sababu seli zake hugawanyika mbio hivyo, dawa nazo huzikamata mbio. Ni saratani inayopona. Hilo ndilo linalonichoma ninapoiwazia Fizi, wilaya ya Kivu Kusini nchini Kongo.

Jina limetokana na Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, na kuueleza ugonjwa huu mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakazunguka hospitali za mashariki na kusini mwa Afrika, safari ya kama kilomita 16,000, wakiuliza ni wapi watoto wanavimba taya. Walikuta ugonjwa unafuata joto na mvua na unakimbia baridi ya milimani. Leo tunajua sababu: malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara, pamoja na virusi vya Epstein-Barr vilivyogunduliwa London mwaka 1964 katika uvimbe uliosafirishwa kutoka Uganda. Sasa itazame Fizi. Juu kuna Minembwe na Itombwe, kwenye baridi. Chini kuna Baraka, kando ya ziwa Tanganyika, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, penye joto na mbu wa kutosha.

Nyumbani hakuna anayetaja virusi. Wanaulizana nani alimtazama mtoto vibaya. Upande wa baba unautazama upande wa mama. Mwingine anataja sumu, mwingine anamvuta mama chumba cha maombi, akeshe huko na mtoto. Nisieleweke vibaya, maombi yanawashika watu wasianguke, nami sina neno nayo. Ila mama asibebeshwe hatia. Virusi hivyo karibu sote tunavyo, na mtoto anayekula ugali na ndagala sahani moja na mgonjwa haambukizwi saratani.

Kisha kinakaa kikao cha ukoo, na swali ni pesa na njia. Kipande cha uvimbe lazima kiangaliwe kwa hadubini na mtaalamu, na wataalamu hao hukaa miji mikubwa. Kwenda Bukavu ni kupita Uvira, kwa barabara ambayo mvua huikata. Na tangu waasi wa M23 waingie Bukavu Februari 2025, ni kuvuka pia mistari ya vita. Njia nyingine ni mashua hadi Kigoma, halafu hospitali ya Bugando kule Mwanza, au reli ya zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam, kwenye wodi ya watoto wenye saratani pale hospitali ya Muhimbili. Nyavu zinauzwa, mbuzi wanauzwa, shamba la mihogo linawekwa rehani, wanachama wa MUSO, kikundi cha akiba, wanafungua sanduku. Mama anaondoka na mgonjwa. Dada mkubwa anaacha shule apike na kuwaogesha wadogo zake, na baba anaendelea kuvua usiku ili atume chochote. Katika nyumba hiyo anayeumwa ni mmoja, wanaougua ni wote.

Dawa ya kwanza ikiingia, mara nyingi uvimbe hunywea mbele ya macho. Shavu linarudi, mtoto anacheka, na mama anahesabu nauli iliyobaki. Wengi hurudi nyumbani hapo, kabla ya mizunguko ya dawa kwisha, na ugonjwa hurudi ukiwa mkali zaidi. Wapo wanaouita huo ujinga. Mimi naona ni hesabu ya mtu aliyeishiwa.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wapone, likachagua aina sita za kuanzia. Burkitt ni mojawapo. Siklofosfamidi, vinkristini na methotreksati zimo katika orodha yake ya dawa muhimu za watoto, na ni dawa za miaka mingi. Mpango wa kugawa dawa hizo bure umeshaichagua Zambia, iliyo kwenye ncha ya kusini ya ziwa hilihili. Wakuu wa afya wa Kivu Kusini na wa Kinshasa, ombeni nafasi hiyo, na fungu la nauli na chakula cha mama liandikwe humohumo.

Nawe mzazi wa Baraka, Nundu au Fizi: meno ya mtoto yakilegea pamoja na shavu au tumbo kuvimba, usimalize juma. Mpeleke hospitali kubwa, umwambie daktari aangalie kama ni saratani, na dawa zikianza msiondoke hadi mzunguko wa mwisho.