Kufuga na Kuzalisha Kasuku Tunduni: Nini Hukumu Yake?

SWALI: Mwanangu anasoma Dodoma. Kuna mtu anamuuzia jozi mbili za kasuku wadogo wa kijani, shingo manjano. Tunataka tuwalete Unguja, tuwazalishe na tuuze makinda. Je, ni halali?

JIBU: Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Sahaba zake. Amma baad.

Asili ya jambo hili ni ruhusa. Wamepokea Bukhari na Muslim kwamba Abu Umayr, mdogo wake Anas (R.A.), alikuwa na kindege akichezea, na Mtume (S.A.W.) hakumkataza. Wanazuoni wetu wa Kishafii nao wamejuzisha kuuza tausi kwa rangi yake na ndege aimbaye kwa sauti yake. Ama kumla kasuku, katika madhehebu yetu haifai.

Lakini ndege unaowataja asili yao ni Tanzania, na hizo nyanda za kati ndiko kwao. Hutaga ndani ya mivungu ya mibuyu na miti mingine, na wengi wamekamatwa huko wakauzwa nje. Sheria ya kuhifadhi wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, inayotumika Bara, inakataza kuwakamata bila kibali. Na katika Sunan ya Abu Dawud imo habari ya Sahaba waliochukua makinda mawili, mama yao akawa anapapatika. Mtume (S.A.W.) akaamuru makinda yarudishwe.

Kwa hivyo, ndugu yangu, kabla ya bei ulizeni ametoka wapi. Aliyezaliwa tunduni hutambuliwa kwa pete nzima isiyo na kiungo mguuni. Huvishwa akiwa kinda wa siku kama 10. Akishakua haipiti tena. Muuzaji asiye na pete wala kibali, muacheni, hata akiuza rahisi.

Mkiwapata kwa njia safi, zingatieni haya:

1. Chakula na maji kila siku. Yule mwanamke aliadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila kumlisha. Mkisafiri sikukuu, muwekeni mtu.

2. Tundu pana la kurukia na kisanduku cha kutagia. Jike hutaga mayai 4 hadi 6 hivi, huyalalia kiasi cha wiki 3, na makinda hutoka kwenye kiota baada ya wiki kama 6. Kisha apumzishwe, kumtagisha mfululizo ni kumdhulumu.

3. Msiuze makinda ambayo mayai yake hayajaanguliwa, kwani hilo ni gharari. Mwenye ugonjwa, mnunuzi aambiwe.

4. Msiwafungulie kisiwani mkidhani ni thawabu. Hapa si kwao.

Ikiwa mwanao ameshalipa na asili yao haijulikani, adai fedha zake, wala asiwapande nao boti. Riziki ya halali ni pana.

Wallahu a'lam.